Karuppan na Kizingiti cha Hekalu

Wamepokea wasimulizi kutoka kwa waliowatangulia kwamba katika nchi ya Watamili, huko Bara Hindi, palikuwa na hekalu la kale la mungu Shiva lililotelekezwa hata mizizi ikapasua kuta zake na popo wakafanya makazi humo. Mwashi mmoja mcha Mungu, jina lake Karuppan, akaingiwa na uchungu. Akachukua panga, akaanza kufyeka peke yake. Siku ya tatu akaja mjane mfinyanzi aitwaye Kuppayi, na kikapu chake cha kuzolea udongo. Kisha wafumaji, wachungaji, na wanawake wenye watoto mgongoni. Hakuna aliyedai ujira.

Liwali wa jimbo alikuwa akiyatamani mawe yale kwa ngome yake. Akatuma tarishi na neno: "Mvua za kwanza zikikuta paa halijakaa, mawe ni yangu."

Wakafanya kazi miezi miwili. Kuta zikasimama. Lakini mlango wa chumba kitakatifu ulikosa kizingiti cha juu, jiwe refu la kipande kimoja ambalo ndilo libebalo paa. Wakalitafuta vichakani na kisimani, wasilione. Machimbo yalikuwa mwendo wa siku kumi na mbili, na mawingu yalikwisha kukusanyika.

Karuppan alijua lilipo. Lilikuwa juu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, limefunikwa chokaa. Babu yake ndiye aliyelichukua, na baba yake alimnong'oneza siri hiyo akiwa katika sakarati ya mauti. Watu walimheshimu kama walii. Wakijua, watamwita nani?

Usiku akamfunulia mkewe, Valliammai, siri hiyo. Naye akamwita kwa jina la mtoto wao, akamwambia, "Baba Ponni, jengo lile halikuinuka kwa sifa zako. Lakini likianguka, litaanguka kwa kimya chako."

Kulipopambazuka akawakusanya watu. Akasema, "Ndugu zangu, jiwe mnalolitafuta, mimi hupita chini yake kila siku. Ukoo wangu uliliiba, nami nikalificha. Nihukumuni."

Kuppayi akajitwika kikapu chake. "Kuhukumu kuna Mwenyewe, Bwana Karuppan. Sisi tumekuja kujenga. Tuonyeshe pa kuanzia kubomoa."

Wakalitoa jiwe, na ukuta wa mbele wa nyumba ukaporomoka. Chokaa ilipokwanguliwa, yakadhihiri maua ya yungiyungi yaliyochongwa kwa ustadi wa ajabu. Watu arobaini wakalivingirisha juu ya magogo huku wakiimba, wakalipandisha, likakaa mahali pake bila kuguswa na patasi. Paa likafungwa.

Siku ya pili yake mvua ikamwagika. Tarishi alipofika kuyadai mawe, akakuta halaiki imesimama ndani, wakavu wote, taa zinawaka na kengele zinalia. Akatazama juu kutoka mlangoni, asione hata tone. Akavua viatu, akaingia kusali.

Jioni Karuppan alirudi nyumbani kwake kusiko na ukuta. Akawakuta wale wale wa hekaluni, matope hadi magotini, wanasimamisha nguzo. Akalia, mwashi yule, akaomba apewe kikapu.

Enyi wapenzi, ungamo humdhili mja saa moja mbele ya watu. Kuficha humdhili kila siku mbele ya nafsi yake. Mola atujaalie ulimi mkweli, na majirani mfano wa wale.