Bibi Lubaba na Kamba ya Kupimia Ardhi

Wametusimulia waliopokea kutoka kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika bonde moja la nchi ya mitende palikuwa na kijiji kikiitwa Ainu Sidri. Humo aliishi mjane mchamungu, Bibi Lubaba binti Hazim. Alikuwa mtu wa sala na saumu, lakini watu walimjua zaidi kwa tabia yake ya kuuliza. Akiona siafu wamehama njia yao, alitaka kujua kilichowahamisha. Imamu akifupisha hotuba, Bibi Lubaba humngoja mlangoni amuulize kama ana homa. Wapo waliompenda kwa tabia hiyo, na wapo waliopita njia ya mbali walipomwona.

Marehemu mumewe, Bwana Uqba, alimwachia shamba la shayiri na komamanga kando ya mfereji. Upande mmoja lilipakana na mwamba mweusi, upande wa pili likaishia kwenye daraja la mawe.

Ardhi za bonde lile zililipiwa kodi, waliyoiita kharaji. Kila mwaka kabla ya mavuno, baraza la kijiji lilimtuma mpimaji wake, Mzee Numayr, apite mashambani na kamba ya nyuzi za mtende. Kamba hiyo ilihesabiwa kuwa dhiraa sitini. Kila urefu wa kamba moja kando ya mfereji ulilipiwa dirham mbili. Baraza lilikusanya fedha, likapeleka fungu la liwali wa jimbo, na lililobaki likawa la kazi za kijiji.

Bwana Uqba, Mungu amrehemu, alilipia kamba ishirini maisha yake yote. Mwaka uliofuata kifo chake, Mzee Numayr alipima akapata ishirini na moja. Baadaye zikawa ishirini na mbili. Mwaka wa saba, ambao mvua ilikuwa haba na shayiri ikatoka mapepe, alipata kamba ishirini na nne.

Bibi Lubaba alikuwa ameshauza sufuria yake kubwa ya shaba ili alipe kodi ya mwaka uliotangulia. Jirani yake, Hutaym, alikuwa ameuza ng'ombe wake wa kulimia, na sasa jembe alilikokota mwenyewe kwa mabega huku mkewe akilishika nyuma. Watu walinung'unika kwamba dunia imekuwa ngumu, na wakiisha kunung'unika walilipa. Bibi Lubaba hakunung'unika. Jambo lile lilimshangaza mno, akataka kulijua.

"Mzee Numayr," alisema, "hebu nisaidie. Shamba langu limelala kati ya mwamba na daraja. Je, mwamba umesogea?"

"La, Bibi."

"Na daraja?"

"Daraja lipo palepale."

"Basi hizi kamba nne zimeingilia wapi?"

Mzee Numayr aliinama akaanza kukunja kamba yake, naye hakuwa amemaliza kazi. "Mimi napima tu, Bibi. Kaulize baraza."

Bibi Lubaba akaenda kuuliza baraza. Walikuwa wazee saba, wameketi juu ya mazulia mapya, na mkuu wao alikuwa Bwana Salit bin Jarwal, mtu mwenye heshima na ulimi laini. Bibi Lubaba alitoa salamu, akaeleza haja yake akiwa amesimama penye kizingiti.

"Bibi yetu," akasema Salit, "kila kitu kimepanda. Chumvi imepanda, mbegu zimepanda. Kodi nayo itabaki chini vipi? Mfereji unataka kuzibuliwa, daraja linataka mawe."

"Kama kodi imepanda, tuambieni imepanda, nami nitajua ninalolilipia. Lakini kiwango ni dirham mbili zilezile. Kilichokua ni shamba langu, Bwana Salit, na Mungu ni shahidi sikulinyonyesha."

Mzee mmoja alicheka, akajikohoza haraka.

"Na hizo fedha za mfereji," akaendelea, "zilisomwa lini mbele ya waliozitoa?"

Uso wa Salit ukabadilika. "Baraza limeaminiwa, Bibi. Mwenye kuaminiwa haulizwi."

"Ajabu," akasema Bibi Lubaba, wala hakuwa anakejeli. "Mimi nilifundishwa kwamba mwenye kuaminiwa ndiye atakayeulizwa mwanzo."

Siku ya tatu baada ya hapo, wakati wa alasiri, Salit alifika nyumbani kwa mjane akabisha hodi. Alisimama nje ya mlango kwa adabu, akasema, "Baraza limeitazama hali yako, Bibi. Wewe ni mjane, na wajane wana haki ya kuhurumiwa. Kuanzia mwaka huu utaandikwa kamba kumi na tano."

Ndugu zangu, tusilipite jambo hili upesi. Nyumba ile ilikuwa na juma zima haijanusa mafuta. Kamba kumi na tano maana yake ni sufuria kurudi jikoni na nguo mpya ya sikukuu. Salit alidhani amekwisha kukubali.

"Na Hutaym?" akauliza hatimaye.

"Hutaym ni mwanamume, ana nguvu zake."

"Nguvu zake anazimalizia kwenye jembe, mahali pa ng'ombe."

"Bibi, mwenye njaa hamwokoi mwenye njaa mwenzake. Pokea riziki uliyoletewa."

"Nakushukuru kwa kunihurumia," akajibu. "Lakini mkiweza kunipunguzia kamba tisa bila kupima, nitaamini kwamba hata zile nne mliniongezea bila haki. Nilikuwa na swali moja, Bwana Salit, na wewe umenipa la pili."

Salit alipoondoka, Bibi Lubaba alisujudu akalia kwa muda mrefu. Baadaye aliwaambia wanawake wenzake kuwa hakulia kwa ushujaa. Alilia kwa sababu nafsi yake ilikuwa ikimsihi amkimbilie yule bwana njiani, amwite arudi.

Asubuhi alifuatana na mke wa Hutaym pamoja na wachuuzi wa chumvi, wakatembea siku mbili mpaka mji wa liwali, kwa Kadhi Iyadh. Kadhi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Unamtuhumu nani?"

"Simtuhumu mtu, ewe Kadhi. Nataka kujua ardhi inakuaje bila kusogea."

Jibu hilo lilimpendeza Kadhi. Hakuandika barua. Alipanda nyumbu wake, akachukua fimbo ya shaba ya serikali yenye urefu wa dhiraa moja kamili, akaja Ainu Sidri mwenyewe.

Kamba ilinyooshwa mbele ya msikiti, watu wote wakitazama. Mtumishi wa Kadhi akaanza kuilaza fimbo, dhiraa baada ya dhiraa, na watu wakahesabu kwa sauti. Walipofika arobaini bado walikuwa wakisukumana ili waone. Walipotamka hamsini, kamba ilikuwa imekwisha.

Kadhi akamgeukia mpimaji. "Mzee, dhiraa kumi ziko wapi?"

Mzee Numayr akaonyesha mafundo ya kamba. "Kamba hukatika, bwana wangu. Kila mwaka nilitoa palipooza, nikaunga kwa fundo. Fundo nalo hula urefu."

"Ulimwambia nani?"

Mzee alimtazama Salit. Salit akatazama chini, akasema, "Sikumbuki kuambiwa."

Kadhi aliamuru shamba la Bibi Lubaba lipimwe kwa fimbo, kutoka mwamba hadi daraja. Zikapatikana kamba ishirini barabara za dhiraa sitini, kama za marehemu mumewe. Watu wakapaza sauti kwa takbiri. Hutaym alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Haki yako imedhihiri, Bibi," akasema Kadhi. "Mbona huna furaha?"

Bibi Lubaba alikuwa akiutazama mwamba. "Ewe Kadhi, kuna kipande kingine nyuma ya mwamba huu, kando ya mfereji uleule. Marehemu alikifyeka akaniachia. Kinanipa komamanga bora kuliko zote. Hakijawahi kupimwa hata mara moja, kwa kuwa kutoka njiani hakionekani. Kila mwaka nilijiambia kwamba hawakuniuliza."

Wakakipima. Kikawa kamba tatu na nusu.

"Basi utalipia ishirini na tatu na nusu," akasema Kadhi kwa upole. "Safari yako yote imekuokolea nusu kamba."

"Dada yangu!" Hutaym alishindwa kujizuia. "Si ungenyamaza tu?"

"Nimekwenda mpaka mjini kudai wakubwa waulizwe," akasema Bibi Lubaba. "Nitashukuruje leo kwamba mimi sikuulizwa?"

Hapo ndipo Salit bin Jarwal aliposimama. Wazee wenzake walimvuta nguo ili aketi, akaiondoa mikono yao.

"Numayr aliniambia," akasema. "Mwaka wa kwanza kabisa alikuja akaniambia kamba imepungua. Daraja lilikuwa limebomoka, hazina haina kitu. Nikamwambia, acha iwe hivyo mwaka huu tu, tujenge daraja. Na Wallahi tulilijenga. Mwaka wa pili hapakuwa na daraja la kujenga, lakini tulikuwa tumeshazoea. Tukanunua mazulia. Na mimi nikapanda bustani." Akamwelekezea Bibi Lubaba mkono. "Mwanamke huyu ametaja kipande chake ambacho hakuna aliyekijua. Changu mnakiona nyote, nami nasema sikumbuki."

Kadhi alimvua ukuu wa baraza. Mazulia yaliuzwa, na bustani ya Salit ikauzwa kwa idhini yake mwenyewe. Kila aliyetozwa zaidi akarudishiwa, na Hutaym akanunua ng'ombe. Mzee Numayr hakuadhibiwa, ila Kadhi alimwambia, "Ulisema mara moja ukadhani umetua mzigo. Ushahidi hautuliwi njiani, Mzee, hutuliwa ulikopelekwa." Kisha akaamuru urefu wa dhiraa uchongwe kwenye ukuta wa msikiti, ili mwenye shaka akapime. Na kila Ijumaa ya kwanza baada ya mavuno, baraza likawa linasoma mbele ya watu kilichoingia na kilichotoka.

Bibi Lubaba naye alihesabiwa kodi ya kipande kile kwa miaka iliyopita. Ilizidi kidogo yale aliyotozwa kwa dhulma, na akaimaliza kwa komamanga za mwaka ule. Inasemekana kwamba Ijumaa ya kwanza ya kusomwa hesabu, yeye ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote, mpaka sala ya alasiri ikawakuta wangali wanamjibu.

Wengi wakisimulia habari hii humsifu kwa alivyolikabili baraza, na kwa alivyoikataa hidaya mlangoni kwake. Ni kweli anastahili sifa hiyo. Lakini barazani watu walimsikia, na mlangoni alikuwapo Salit wa kushuhudia. Mimi nauona mtihani wake mkubwa katika ule muda mfupi alioutazama mwamba akiwa kimya, watu wote wakimshangilia, na hakuna aliyejua alilokuwa akilifikiri ila Mola wake. Ewe Mola, utupe ujasiri wa kuwauliza waliobeba amana zetu, na utupe ulimi wa kujibu kabla hatujaulizwa. Amin.