Korongo Ndani ya Chokaa

Sogeeni, nitegeeni masikio, nami nitawapa kesi ambayo hadi leo haijapata kadhi.

Palikuwa na bibi mmoja Ngamiani, Tanga, jina lake Bi Mwatumu, mjane wa Mzee Mwinyijuma aliyekuwa baharia wa meli za mizigo. Alikuwa na wajukuu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Rukia, mshonaji, alikuwa na jicho: nguo ikipinda kwa upana wa uzi, ameshaona. Shamte, mwashi, alizijua kuta kama wengine wanavyowajua watu: huu mgonjwa, huu mzima, huu unajifanya mzima. Na Mbaruku, fundi saa, alikuwa na subira. Angeweza kutafuta skrubu ndogo kama chawa kutwa nzima bila kuguna.

Sasa sikilizeni habari ya ubao. Zamani meli ya Mzee Mwinyijuma ilitia nanga Japani, na huko akamkuta bibi kizee anavunjiwa nyumba yake. Akamsaidia kubeba vyombo. Yule bibi hakuwa na la kumpa ila ubao wa mwerezi uliochongwa kwa kutobolewa: korongo watatu wakiruka juu ya misunobari, mbele na nyuma, kwani kwao ubao wa namna hiyo huwekwa juu, kati ya vyumba viwili, ili upepo na mwanga vipite. Ulikuwa mkongwe kuliko bibi mwenyewe. Mzee Mwinyijuma akauleta Tanga umefungwa katika blanketi lake, naye akalala baridi safari nzima. Akaupachika juu ya mlango, kati ya ukumbi na chumba cha mkewe. Asubuhi mlango wa mbele ukifunguliwa, jua lilipita kwenye matundu, na vivuli vya korongo vikaruka ukutani Bi Mwatumu akiwa bado kitandani.

Mzee akafariki. Bi Mwatumu akenda Pemba kumuuguza mama yake miaka miwili. Aliporudi, juu ya mlango palikuwa na ukuta mweupe tu.

"Nani ameiba ubao wa mume wangu?" alilia. Wifi yake, Bi Tausi, dada wa marehemu, aliyebaki na nyumba, akaapa kwa Mungu kwamba hakuna mwizi aliyeingia mle. Bi Mwatumu akamlaani mwizi mbele ya majirani, kisha akaweka ahadi ambayo kila mtoto na mjukuu aliijua kwa moyo: "Atakayenirudishia ubao ule, ni wake. Wake peke yake, maana korongo wale hawatenganishwi."

Miaka thelathini ikapita. Wanawe wakaamua kuibomoa nyumba ile ya udongo na miti ili wajenge ya matofali, na mama yao ahamie Muheza kwa bintiye.

Rukia alikuja kushusha mapazia. Akasimama mbele ya mlango wa bibi yake, kichwa upande.

"Bibi, mlango wako umevimba."

"Umevimba wewe kwa ubwabwa, mke mwenzangu."

"Tazama juu yake. Milango mingine yote ukuta umenyooka. Hapa umetokeza kidole kizima."

Akapindua kinu, akakipanda, akakwangua kwa pini. Ikaanguka chokaa. Chini yake chokaa, na chini yake chokaa tena. Chini kabisa, jicho la ndege likamtazama.

Bi Mwatumu akalijua jicho lile. Bi Tausi, aliyekuwa akifunga mikeka, akaacha kufunga.

"Popo," akasema.

"Popo gani, wifi?"

"Walikuwa wakipita kwenye matundu. Nikaziba kwa magazeti na udongo. Ilipofika Idi nikapaka chokaa nyumba nzima, kama kawaida yetu. Na Idi iliyofuata nikapaka. Na iliyofuata..."

"Na uliniapia!"

"Uliuliza nani ameiba. Hakuna aliyeiba. Nilitaka kusema baadaye, lakini ulishamlaani mtu, nikaogopa laana isije ikakosea njia. Halafu na wewe, wifi yangu, kila mwaka chokaa yenyewe ulikuwa ukinikorogea wewe."

Bi Mwatumu alitaka kukasirika. Kicheko kikamtangulia, na machozi yakafuata nyuma yake.

Kuuona ubao si kuupata. Shamte akaja, akagonga ukuta kwa kiungo cha kidole, akasikiliza. Kizingiti cha juu cha zamani kilikuwa kimeliwa na mchwa, na ukuta wote wa juu ulikuwa umeukalia ubao. Ukiuvuta, utaondoka na ukumbi. Wabomoaji walishauri wausubiri wakati wa kubomoa, wauokote kwenye kifusi.

"Nyundo haina adabu," Shamte akasema. Akasimamisha nguzo za mikoko, akaanza kuutoa udongo tonge kwa tonge, siku mbili, yeye mwenyewe akiwa chini yake.

"Mume wangu, toka hapo!" Bi Mwatumu alimlilia. "Sitaki ujane wa pili!"

"Hutakosa mchumba, bibi. Nipe maji."

Jioni ya siku ya pili ubao ukatoka mzima, na ukuta haukudondosha hata tonge.

Lakini kilichotoka kilikuwa donge jeupe, kama mlango wa kaburi. Mbaruku akalipokea. Hakutaka msasa, akisema utakula manyoya ya ndege. Alitumia vijiti vya mwanzi alivyovichonga mwenyewe, mswaki laini na kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Magazeti aliyavuta kwa kibano cha saa, kipande kwa kipande.

"Siku tatu umemaliza ukucha mmoja?" Shamte alimcheka.

"Ukucha una miaka thelathini ya Idi juu yake. Ulitaka niusugue kama sufuria?"

Siku ya kumi na saba akauleta. Kila unyoya ulikuwa mahali pake. Bi Mwatumu akaupitisha uso wake juu ya mti, akanusa.

Ikafika siku ya kuhama. Lori liko mlangoni, na ubao umelala juu ya mkeka kati yao.

"Ahadi ni ahadi, bibi," Rukia akaanza. "Bila jicho langu, leo ungekuwa kifusi. Sebuleni kwangu kuna ukuta unaungoja."

"Uliona jicho la ndege," Shamte akasema. "Ndege mwenyewe alikuwa kaburini bado. Aliyeweka shingo yake chini ya ukuta ni nani? Mimi nitaupachika kati ya vyumba viwili, kama alivyofanya babu."

"Na bibi alikuwa akililia donge la chokaa?" Mbaruku akauliza polepole. "Mlichomletea ninyi ni donge. Korongo nimewaleta mimi. Nitawatundika dukani, mji mzima uwaone."

Bi Tausi akakohoa.

"Kizingiti kiko wapi?"

"Kililiwa na mchwa, bibi," Shamte akajibu.

"Na fremu ya mlango?"

"Unga mtupu."

"Na ubao, katikati yao?"

Shamte akapitisha kidole ukingoni mwa ubao. Alikuwa ameliona hilo siku ile ile, akaliweka moyoni: mchwa walifika hadi kwenye chokaa, wakageuka.

"Basi nani aliuvisha koti kila mwaka?" Bi Tausi akasema.

"Lakini wewe ndiye uliyeuficha!" wajukuu wakapiga kelele kwa pamoja.

"Aliyeficha na aliyehifadhi, mkono ulikuwa huu huu. Mimi sina ukuta wa maana. Nina kitanda tu kwa mwanangu, na mbele yake nafasi ya korongo watatu. Na aliyewaleta alikuwa kaka yangu kabla hajawa babu yenu."

Bi Mwatumu akawatazama mmoja mmoja. Aliwapenda wote, hata yule aliyemliza miaka thelathini, na hilo ndilo lililomfunga. Alikuwa amesema "wake", hakusema "wao", na hakuwahi kulimeza neno lake. Dereva akapiga honi. Akaweka kiganja juu ya ubao, akafungua kinywa.

Mimi namwacha hapo hapo, kinywa wazi, maana neno lenyewe natafuta kwenu. Kuna aliyeuona, kuna aliyeutoa, kuna aliyeusafisha, na kuna aliyeupoteza ndipo ukasalimika. Ubao ni mmoja na ahadi ni moja. Je, wewe ungempa nani, na hao watatu wengine ungewatazamaje usoni?