Kwaya Iliyoimba "Sogea"

Bwana asifiwe.

Mmeitika kama watu waliobeba matofali tangu alfajiri. Si neno, hata mimi nimewasalimu hivyo hivyo. Ibada ya kwanza imechelewa kutoka, jua limeshakuwa kali, na tangazo la mashindano ya kwaya limesomwa tena leo, kwa mara ambayo sikumbuki ni ya ngapi. Basi sitawachosha zaidi. Nitawapa mfano mmoja, nimeutunga mwenyewe, kisha nitakaa.

Palikuwa na mji mmoja wenye kanisa kubwa, na kila mwaka kwaya zote za jimbo zilikutana humo kushindania kikombe. Msiniulize ni jimbo gani. Kila kwaya iliimba nyimbo mbili: mmoja ilijichagulia yenyewe, na wa pili ulikuwa wimbo wa lazima, ambao wote walipewa ule ule. Mnajua maana yake. Ukikaa pale tangu asubuhi, unausikia wimbo mmoja mpaka masikio yanaota sugu. Na mwaka huo wimbo wa lazima ulisema hivi:

Sogea, ndugu, sogea, aliyechoka akae;
nyumba ya Bwana ni pana, asibaki mlangoni.

Wimbo mzuri. Hauna kosa lolote, wala aliyeutunga hana kosa.

Siku hiyo alikuja mwanamke mmoja, mjane. Zamani alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika mojawapo ya kwaya hizo, tena ile iliyosifika kuliko zote. Mumewe aliugua ugonjwa mrefu, akawa hawezi kwenda mazoezini. Mumewe akafariki, akawa hana moyo wa kwenda. Wanakwaya wenzake walifika msibani, wakaimba vizuri mno, wakaondoka, na baada ya hapo hakuna aliyerudi kupiga hodi. Si kwa ubaya, jamani. Walikuwa na mazoezi. Sasa mama huyu alikuja kanisani na jambo moja tu moyoni: awasikilize, na wakimaliza awaombe wampokee tena. Ukimya wa nyumbani ulikuwa umemshinda.

Alipoingia akakuta mabenchi yamejaa. Yamejaa nini? Si mnajua wenyewe? Mkoba hapa, kitabu cha nyimbo pale, joho limekunjwa, kanga imetandazwa kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho. Waimbaji wako nje wanapasha sauti, mikoba yao imekaa ndani inasikiliza.

"Binti yangu, hapa pana mtu?" akauliza.

"Pana mtu, mama. Anakuja sasa hivi."

Akaenda benchi jingine, akajibiwa vivyo hivyo. Mwisho akamwendea mzee wa kanisa, yule mwenye utepe begani, anayepanga watu. Mzee akamwambia kwa upole kabisa, "Vumilia kidogo, mama. Simama pale mlangoni, pana upepo." Akaenda akasimama.

Alisimama kutwa. Kwaya inaingia, inaimba sogea, ndugu, sogea, inapigiwa makofi na vigelegele, inatoka. Inaingia nyingine, sogea, ndugu, sogea. Miguu ikaanza kumvimba. Akaegemea mlango, kisha akavua viatu akavishika mkononi. Watu walipishana naye wakienda kunywa maji, na wengine walimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia marahaba. Nawauliza ninyi: siku ile, katika kanisa lile, nani aliyeyasikia maneno ya wimbo? Majaji walisikiliza sauti. Walimu wa kwaya walisikiliza makosa ya wenzao. Maneno aliyasikia yule mama peke yake.

Ikafika zamu ya kwaya yake ya zamani. Mwalimu wao alikuwa fundi, na aliubunia wimbo miondoko ambayo hakuna mwingine aliyeifikiria. Wakisema "sogea", wa kulia wanapiga hatua kulia, wa kushoto wanapiga hatua kushoto, na katikati panaachwa nafasi. Wanainua mikono, "nyumba ya Bwana ni pana." Halafu wakifika kwenye "asibaki mlangoni", wanarudi wote kwa pamoja, nafasi inazibika. Kanisa zima lilishangilia. Hakuna aliyejiuliza kwa nini walifunga wakati wa maneno yale.

Mama akatazama. Nafasi ile ilifunguka katikati ya waimbaji wa sauti ya pili, pale pale alipokuwa akisimama zamani. Wimbo ukarudiwa, nafasi ikafunguka tena.

Akaanza kutembea, viatu mkononi.

Mtasema, ina maana hakujua kwamba ni miondoko? Alijua. Miondoko ya namna hiyo aliicheza miaka mingi. Lakini wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni, seuze mjane mlangoni. Mtu aliyechoka, akiambiwa kutwa nzima kwamba yupo atakayesogea, mwisho huamini. Akapanda ngazi za jukwaa, na walipofungua tena, akaingia, akasimama katikati yao.

Aliyekuwa kulia kwake alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Rafiki yule akamnong'oneza huku anatabasamu kwa ajili ya majaji, "Dada, unafanya nini? Shuka!"

"Si mmesogea?" mama akasema. "Nimekuja mahali pangu."

"Huu ni wimbo tu, dada. Utatukosesha kikombe. Shuka, nakuomba."

Na zamu ya kurudi ikafika. Mnataka kujua walifanya nini? Walirudi. Wa kulia akarudi, wa kushoto akarudi, kwa mdundo, bila kukosea hata nukta moja ya wimbo, na bega likamsukuma mama wa watu mpaka akatoka mbele ya mstari. Akashuka ngazi ameinamisha kichwa, akarudi mlangoni.

Jioni matokeo yakatangazwa. Jaji mkuu akasimama, akafuta miwani yake, akasema, "Wimbo tumeusikia kwa wote. Lakini kwaya moja imetuonyesha. Yule mama mliyemleta katika igizo, anaomba nafasi, ananyimwa, anarudi mlangoni kichwa chini! Mimi machozi yamenitoka. Mmetufundisha jinsi dunia ilivyo katili. Kikombe ni chenu."

Jamani, mwalimu wa kwaya angeweza kusema neno. Neno moja lingetosha: lile halikuwa igizo. Aliinama kwa heshima, akapokea kikombe kwa mikono miwili, na kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Nje wakajipanga kupiga picha. Yule rafiki akamwona mama anatafuta njia ya kupita, akamkimbilia akamshika mkono.

"Dada! Wewe ndiye uliyetuletea kikombe! Njoo katikati, njoo! Jamani, sogeeni, mama apite!"

Wakasogea. Safari hii walisogea kweli, mpaka ikapatikana nafasi ya watu wawili.

Mama akawatazama. Akainama, akavaa viatu vyake taratibu, kwa sababu miguu ilikuwa haitaki kuingia. "Pigeni tu, mdogo wangu," akasema. "Mimi nilikuwa natafuta pa kukaa. Sasa acha niende nyumbani, kule nina kiti."

Akaenda. Na kwenye kwaya ile hakurudi tena.

Nilipokuwa nautunga mfano huu nilitaka kuuwekea mwisho mwema. Nilitaka kesho yake wamfuate, wapige hodi, wamwombe radhi, walie wote. Nimejaribu, ulimi umekataa. Ninawajua mno wanakwaya wale. Kesho yake walikuwa na sherehe ya kikombe.

Ndugu zangu, kwaya ile ni sisi. Tena tunaimba vizuri, hilo siwanyimi. Kwenye wimbo tunasogea, na kwenye picha tunasogea. Ila pale katikati, baada ya wimbo na kabla ya picha, mtu anaposimama miguu imemvimba, tuna mazoezi. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni akija tunamwonyesha palipo na upepo. Na mimi ni mmoja wenu, nakula nanyi, nacheka nanyi, kwa hiyo sisemi haya nikiwa juu ya mlima. Nasema nikiwa nimechoka. Dhambi zenu kubwa hazinichoshi, hizo nimezizoea na dawa yake naijua. Kinachonichosha ni "pana mtu" mahali pasipo na mtu.

Sasa nataka kukaa, lakini bado siwezi. Kuna mama aliyeingia humu wakati wa sala ya kwanza; yuko pale mlangoni, na mtoto mgongoni. Msigeuke wote kumtazama, mtamtia haya. Mimi nimemwona. Wazee wa kanisa wamemwona. Na hapa kwenye benchi la tatu kuna mkoba mweusi umekaa peke yake kwa raha zake, umesikiliza mahubiri yangu tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwaya, msisimame kwanza. Mpiga kinanda, ondoa mikono. Sitasema Amina, na ninyi msiniitikie Amina, kwa sababu Amina tunazo za kutosha.

Wimbo unaofuata tutauimba mkoba ule ukishanyanyuka. Nimechoka, ndugu zangu, ila kusimama bado naweza.

Nasubiri.