Siku Bi Punda Alipokaa Chini

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni, na aliyechoka aegemee mwenzake. Ngano hii ni ya waliochoka.

Hapo zamani za kale, Chui alitawala wanyama wote kutoka kileleni mwa mlima. Kila siku walimpandishia maji ya mtoni kwa vibuyu: ya kunywa, ya kuoga na ya kumwaga tu. Mbwa mwitu walilinda njia, nao wakinywa ya vibuyu hivyo hivyo. Aliyechelewa, aliliwa.

Bi Punda alibeba kuliko wote. Mgongo ulimchubuka. Mumewe alikuwa amefia njiani, kibuyu bado kiko mgongoni.

Siku moja Swala akasema, "Mimi sipandi tena." Mbwa mwitu wakamrarua. Wenzake wakainamisha vichwa, wakabeba.

Siku nyingine wakakataa wawili, Ngiri na Nyumbu. Nao wakararuliwa. Bi Punda akabeba, lakini tangu hapo majani yakawa machungu kinywani mwake.

Akaanza kumwendea mmoja mmoja pale mtoni.

"Nyati, kaka yangu, utabeba mpaka lini?"

"Nimechoka, dada."

"Basi kesho tuchoke pamoja."

Kulipokucha, Bi Punda akatua mzigo, akakaa chini katikati ya njia. Akakaa Nyati. Akakaa Pundamilia. Kobe naye akakaa, ingawa hakuna aliyeona tofauti. Wakakaa wote.

Chui akanguruma kutoka juu, "Kiongozi wenu ni nani?"

"Ni uchovu, bwana mkubwa," Bi Punda akajibu. "Mkamate huyo."

Mbwa mwitu wakamrukia Pundamilia, wakamuua. Bi Punda alilia, lakini hakuinuka. Hakuinuka yeyote. Ikapita siku ya kwanza, ikapita ya pili. Siku ya tatu kiu ikawazidi mbwa mwitu, wakateremka mtoni kunywa.

"Kumbe maji tunayafikia wenyewe," wakasema. "Kule juu tunamlinda nani?" Hawakurudi.

Chui akabaki peke yake. Akashukia upande wa pili wa mlima, akatokomea.

Ngoma haikupigwa. Wanyama waliwazika wenzao, kisha wakanywa polepole.

"Tumeshinda, dada?" Nyati akauliza.

"Tumetua," akasema Bi Punda, akafumba macho apumzike.

Ngano hii yatufunza kwamba dhalimu hana nguvu ila migongo ya anaowaonea. Anayekataa peke yake huangamia; wanaokataa pamoja huumia, lakini mzigo huutua.

Ngano yangu imefika ukingoni. Tamu yake wagawieni wenzenu, chungu yake niachieni mimi.