Somo la Fundi Lugembe

Mficha ufundi hufundishia kisimani. Mnacheka, enh? Aliyefikwa na haya hakucheka. Msemo huu chimbuko lake ni hili.

Alikuwapo fundi wa visima, Lugembe, na bonde zima la vitunguu likimtegemea yeye peke yake. Visima vikiziba huku na kule, mashamba hukauka yakimsubiri. Wanagenzi alikuwa nao, lakini ikifika kazi yenyewe huwaambia, "Hebu nendeni mkaniletee chai." Wakirudi, kashamaliza. Moyoni alijisemea: hawa wakijua, mimi nitakula nini? Hata winchi, mtambo wa kamba wa kumteremshia kisimani, aliitilia ndani ulimi wa chuma wa kuifunga, asije mtu akaitumia bila yeye.

Siku moja yumo kisimani anavunja jiwe, mara maji yakafumuka. Yakamfika magotini, kiunoni.

"Vuteni!"

Kamba ikatikisika, isipande. Ule ulimi ulikuwa umeteleza, ukajifunga wenyewe.

Juu wanagenzi wakaukamia mpini wa winchi kwa nguvu zote. Lugembe akasikia chuma kinalia, roho ikamruka. Meno ya winchi yakivunjika, kamba inaachia, na yeye ndiyo kwisha.

"Acheni! Mtaniua!"

"Sasa tufanyeje, Fundi?" Nyamizi, mwanagenzi wake mkubwa, alilia. "Hukutuonyesha!"

Maji yalikuwa kifuani. Wee, hapo hapakuwa na siri tena!

"Fungua kifuniko cha ubavuni! Umeuona ulimi?"

"Nimeuona! Niuvute?"

"Usiuvute! Rudisha mpini nyuma kwanza, ulimi ulegee."

Mpini ukarudi, naye akashuka nao. Maji yakamfika kidevuni. Akainua uso, akahema.

"Sasa uinue ulimi kwa kidole. Taratibu, mwanangu. Taratibu..."

Winchi ikafunguka, wakamvuta. Akatolewa anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

"Miaka yote hii, Fundi," Nyamizi alimwambia kwa hasira, machozi yakimtoka, "kumbe ni jambo la kufumba na kufumbua!"

Alipopata nguvu, Lugembe aliifungua winchi yote mbele yao, kipande kwa kipande, akawaambia waiunde upya wenyewe. Baadaye akajenga karakana, vijana wakaja kujifunza, wakatawanyika kila kijiji na winchi zao. Visima vikafufuka. Malori yakaanza kusomba vitunguu hadi nje ya mipaka, na waliokuwa wakikimbilia vibarua vya mbali wakapata kazi kwao.

Na kila mwanafunzi mpya alipomwuliza, "Fundi, mbona hutufichi kitu?" Lugembe alijishika kidevu, akamjibu:

"Mficha ufundi hufundishia kisimani."