Ziwa Lililobanwa Ukutani

Shule hiyo iko Ujiji, upande ule ambao upepo wa ziwa hufika ukiwa umekwishapita kwenye vichanja vya dagaa, hata mtoto anayesoma pale huijua saa ya chakula kwa pua kabla kengele haijagongwa. Ina madarasa saba, ofisi moja, jiko, na ukuta mrefu wa baraza ambao kwa miaka mingi haukuwa na kazi nyingine ila kuegemewa na watoto waliochelewa. Migongo iliuchafua hata wapo wazee wanaoapa kwamba wakiutazama vizuri wanayaona mabega yao ya darasa la tatu.

Mwalimu Verediana alipohamia pale aliutazama ukuta huo kama mwenye njaa anavyotazama sufuria iliyofunikwa. Alikuwa amepewa kipindi cha sanaa cha darasa la nne, kila Alhamisi baada ya mapumziko. Rangi hakupewa, wala brashi, wala karatasi. Basi akaenda kuuomba ukuta huo ofisini kwa Mwalimu Mkuu Eliakimu, mtu wa hesabu, mwenye maneno haba kama mvua ya Julai.

"Watachora nini?" mkuu aliuliza.

"Ziwa Tanganyika na watu wake. Kila Alhamisi kipande kimoja."

Mkuu aliifikiria hoja hiyo kana kwamba ni namba isiyogawanyika. "Haya. Siku ya mkutano wa wazazi tutakwenda kuutazama. Nikiliona ziwa, kipindi ni chako. Nisipoliona, ukuta unapakwa chokaa na Alhamisi inakuwa ya hisabati."

Verediana alishukuru, akatoka akitabasamu. Aliona masharti ni mepesi kama unyoya. Nani atashindwa kuliona ziwa ambalo hata kipofu wa Ujiji hulinyooshea kidole?

Rangi walizipika wenyewe. Mkaa uliosagwa ulitoa nyeusi, udongo wa kichuguu nyekundu, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakatoa kijani, na bluu ya kufulia ikakorogwa ndani ya chokaa mpaka ikafanana na maji ya saa nne asubuhi. Gundi ilikuwa uji wa muhogo. Brashi zilikuwa vikonyo vya michikichi vilivyopondwa ncha. Alhamisi ya kwanza mwalimu alichora kwa mkaa mstari wa ufuko, na ziwa likachukua nusu nzima ya ukuta. Kisha akagawa kazi: kila mmoja achore upande wa kwao.

Samson, ambaye babu yake Mzee Castory ni mvuvi wa Ilagala, akachukua Ilagala. Regina, ambaye mama yake Eufrasia ana shamba Simbo, akachukua Simbo. Bariki akadai Ujiji yenyewe, kwa sababu shangazi yake Yunisi huuza samaki aina ya migebuka sokoni na, kwa maneno ya Bariki, soko likifungwa mji unakufa. Wengine wakajigawa nyuma ya hao watatu. Akabaki binti mmoja mwembamba, Ininahazwe, ambaye wazazi wake walitoka Burundi kabla hajazaliwa.

"Na wewe kwenu wapi?" Samson alimuuliza.

"Nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga."

"Hiyo si kijiji, hiyo ni njia ya kwenda dukani," Bariki alisema, na watoto wakacheka.

Ininahazwe alisubiri kicheko kiishe. "Maji yana mwenyewe?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameyataka maji.

"Basi nipeni maji," alisema, akajivutia ndoo ya bluu.

Kazi ikaanza vizuri. Alhamisi ya pili Samson alichora mtumbwi wa babu yake. Mzee Castory alipita jioni kuutazama, akauzunguka ukuta kama mnunuzi wa ng'ombe, akasema, "Mjukuu wangu, huo ni mtumbwi au ni mwiko? Mimi napakia wavuvi, sipakii ugali." Wiki iliyofuata mtumbwi ukarefuka, na kwa kuwa hauwezi kurefukia porini, ukarefukia majini.

Mama Regina naye akasikia habari. Alifika akiwa na jembe begani, akauona muhogo wa Simbo ukiwa na majani manne. "Mwanangu," alimwambia Regina kwa upole, "muhogo wangu una majani manne? Mimi na wewe tunalala njaa?" Regina akaongeza muhogo mpaka shamba likateremka kilima na kuingia ziwani magotini. Tena rangi hiyo, kwa ule uji uliokuwa ndani yake, ilikuwa tamu: mbuzi mmoja wa jirani alipanda barazani akaramba majani ya chini hata ulimi wake ukawa kijani siku kadhaa, na mwenye mbuzi alidai maziwa nayo yalinukia kisamvu. Mama Regina hakukasirika hata kidogo. Alisema mbuzi amekwishatoa hukumu.

Bariki hakukubali kupitwa. Migebuka ya shangazi Yunisi ilianza ikiwa mitatu juu ya meza, ikawa fungu, ikawa lundo, na mgebuka wa juu kabisa ulichorwa ukimeta hivi kwamba paka wa mashine ya kusaga aliurukia, akagonga kichwa, akakaa chini ya ukuta kutwa nzima akingoja samaki ateleze. Hata Mwalimu Verediana mwenyewe alikuwa na kijumba kidogo ufukweni, cha mama yake huko Kibirizi, alichokichora siku ya kwanza kama mfano tu. Mfano huo ukapata baraza. Halafu ukapata jiko la nje.

Kila Alhamisi Ininahazwe alifika na ndoo yake, akakuta maji yamepungua.

"Mwalimu, ziwa langu linaisha."

"Waambie wenzako wakurudishie, mama."

Alikwenda kwa Samson. Samson akasema yeye hakula maji mengi, aliyekula ni Regina. Regina akasema muhogo haunywi maji, mwulize Bariki. Bariki akasema, "Kwani samaki wangu wametoka wapi? Hayo ni maji yaleyale, yamegeuka tu samaki." Ininahazwe hakubishana. Alirudi, akapaka bluu palipobaki.

Ikafika Alhamisi ya mwisho kabla ya mkutano wa wazazi. Mwalimu Verediana alisimama mbali kidogo ili aione kazi nzima, na moyo ukamshuka kama nanga. Kutoka kona hadi kona kulikuwa na mtumbwi, muhogo, migebuka, minazi miwili isiyojulikana ya nani, na nyumba ya mama yake yenye madirisha sita. Katikati ulipita ukanda wa bluu mwembamba kama mshipi wa suruali.

"Hilo ni Tanganyika au mfereji wa josho?" alijiuliza kimoyomoyo, kisha akasema kwa sauti, "Watoto, kila mmoja apunguze chake kidogo."

"Sawa, mwalimu," wakajibu wote kwa adabu, na kila mmoja akageuka kumtazama mwenzake aanze. Kipindi kizima kikapita kila mtu akilinda chake asije akapunguziwa. Mwalimu naye alisimama mbele ya jiko la mama yake, kitambaa mkononi, asifute.

Ndiyo sababu hakuna aliyeona Ininahazwe alikokwenda. Binti huyo aliufuata ukanda wake wa bluu mpaka kwenye kona ya baraza. Pale ukuta wa darasa ulikoma na ukuta wa ofisi ulianza, mpana, mweupe, hauna mtumbwi wala muhogo. Aliutazama kidogo, akachovya kikonyo chake. Maji yakapinda kona. Yakapanda, yakatanuka, yakafika chini ya dirisha la mwalimu mkuu na kulivuka, yakawa na mawimbi, na kwa mbali yakawa na ng'ambo.

Mkuu alirudi kutoka mjini mchana huo, akaikuta ofisi yake imezama.

Hakufoka. Begi kwapani, akauliza kwa utulivu, "Nani ameigharikisha ofisi yangu?"

"Ni mimi, mwalimu," Ininahazwe alisema. "Kule nilikosa nafasi."

Mkuu alitembea mpaka ukuta wa darasa, akautazama, akarudi. "Mwalimu Verediana, tulikubaliana. Ziwa silioni lilipotakiwa kuwa, naliona lisipotakiwa kuwa. Jumamosi, mbele ya wazazi, kuta zote mbili zinapakwa chokaa."

Jumamosi wazazi wakajaa barazani. Mlinzi wa shule, Martini, alikuwa amekwishakoroga chokaa, ndoo ikitoa mvuke miguuni pake. Mwalimu Verediana alikaa mwisho wa benchi, mikono mapajani, kama aliyesikia kesi yake ikisomwa. Mkuu akaeleza shauri lote kwa sentensi tatu, akawauliza wazazi kama kuna mwenye neno.

Mzee Castory akainuka. "Mimi naunga mkono. Makubaliano ni makubaliano. Paka chokaa, mkuu. Ila mtumbwi uacheni, maana huo ni wa kweli, ungali unafanya kazi."

"Nami naunga mkono," alisema Mama Regina. "Ila shamba langu mkilipaka chokaa Simbo watasema nimefanyiwa uchawi. Pakeni kwingine."

"Kwingine wapi?" shangazi Yunisi alidakia. "Kwenye samaki wangu? Nimeongeza wateja tangu wachorwe. Jaribuni muone kama nitawauzia hata mkia."

Mkuu alifungua mikono. "Sasa wazazi, mnataka kifutwe nini?"

Wakanong'onezana, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo wakawa na kauli moja. Mzee Castory ndiye aliyeitoa: "Maji. Maji si ya mtu."

Basi Martini akachovya brashi yake kubwa, akaelekea kwenye bluu. Mwalimu Verediana alifumba macho. Maji yakifutwa hakuna picha ya ziwa, na pasipo ziwa hakuna Alhamisi.

Alipoyafumbua, Ininahazwe alikuwa amesimama mbele ya brashi ya Martini, chokaa ikimdondokea kiatuni.

"Shikamoo, babu Castory," alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sogea usije ukaungua."

"Nauliza tu, babu. Maji yakiwa meupe, mtumbwi wako utakuwa umekaa juu ya nini? Watu watasema babu wa Samson amekwama mchangani. Watasema umestaafu."

Mzee Castory aliacha kutafuna ugoro wake. "Nani amestaafu?"

"Na wewe, shangazi Yunisi. Samaki walio mbali na maji si ndio wale wa juzi?"

Benchi zikaguna. Yunisi akavuta kanga yake mabegani, akatazama lundo lake la migebuka kama aliyesikia harufu.

"Na muhogo wa Mama Regina mchungu ule. Utalowekwa wapi mkishafuta maji?"

"Huyu mtoto," Mama Regina alisema taratibu, "ametoka nyumba gani?"

"Ya pili baada ya mashine ya kusaga."

"Ego," mama huyo aliitikia kwa Kiha, akimpima kwa macho. "Martini, weka brashi chini. Hayo ni maji yangu ya kulowekea."

"Yako tangu lini?" Mzee Castory akauliza. "Hayo ni maji yangu ya kuvulia. Martini, ukiyagusa nitakupiga kafi."

"Na yangu," alisema Yunisi. Baada yake wengine nao wakasimama kudai maji, hata mzazi mmoja ambaye mtoto wake yuko darasa la kwanza na hajachora chochote. Maji ambayo dakika chache zilizopita hayakuwa ya mtu, sasa yalikuwa ya kila mtu. Kila aliyeyavuta kwake aliyakaza zaidi pale ukutani, na Martini akatua brashi.

Akabaki mkuu. Alitembea hadi kwenye ukuta wa ofisi yake, mikono nyuma, wazazi na watoto wakimfuata. Alilitazama lile ziwa pana, mawimbi chini ya dirisha lake, na ng'ambo ya mbali. Mwalimu Verediana alikaribia polepole.

"Ziwa unaliona, mkuu?" aliuliza.

"Naliona." Akakohoa. Alikuwa mtu wa Kalinzi, mzaliwa wa milimani, ambako ziwa huonekana likiwa chini kabisa kama sahani ya bluu. Kwa miaka yote aliyofanya kazi Ujiji hakuna aliyewahi kumuuliza kwao ni wapi. "Kwa mchoro huu," alisema, akishusha sauti, "mtu akiitafuta Kalinzi ataiona wapi?"

Ininahazwe aliinua kidole juu ya dirisha. "Pale, mwalimu. Mlima unatakiwa kuwa juu."

"Wenye kahawa?"

"Kama kahawa ipo."

"Ipo. Mwaka huu imezaa vizuri." Mkuu akageukia wazazi, akarudisha sauti yake ya ofisini. "Ziwa nimeliona. Kipindi cha Alhamisi kitaendelea. Mkutano umefungwa."

Alhamisi iliyofuata watoto wakaanza kuichora Kalinzi. Samson alipaka matunda ya kahawa makubwa mekundu. Mkuu alichungulia dirishani, akavumilia, akashindwa. "Hizo ni nyanya," alisema. Akatoka, akavua saa, akachukua kikonyo kutoka mkononi mwa Samson, akaanza kuonyesha namna kahawa inavyokaa kwenye tawi. Akapaka tawi moja, akapaka mti, akapaka safu. Mwalimu Verediana alikuwa nyuma yake, akimpokeza udongo mwekundu. Kengele ya kipindi ikagongwa naye asisikie. Shamba lilipofika kwenye fremu ya dirisha lilipita pembeni yake, likateremka, na safu ya mwisho ya kahawa ya Kalinzi, ambayo tangu dunia iumbwe haijawahi kulowa unyayo, ikaingia ziwani.

Ininahazwe aliinua ndoo yake, akaenda kuutazama ukuta wa jiko la shule, uliokuwa bado mtupu. Wala hakumshangaa mwalimu mkuu, kwa kuwa mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.