Sanduku Lenye Lakiri Nyekundu

Aliyekwisha kula hupangusa midomo, akamwambia aliye mlangoni, "Subiri kidogo, chakula kinaiva." Hasemi kwa ubaya, wala pengine hasemi uongo. Ila tumbo lake halina saa, na la yule wa mlangoni lina saa inayogonga kila dakika. Hapo ndipo ilipozaliwa methali isemayo kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayeitilia shaka na asikilize yaliyowapata Verlin Stukey na mkewe Nadine, katika mji mdogo wa Tolliver, jimbo la Ohio.

Verlin alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na sita. Nadine alikuwa mshonaji wa viti vya magari, mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Karakana yao ilikuwa nyuma ya nyumba. Siku moja mpwa wao, aliyekuwa askari, aliwasimulia jinsi majeruhi wanavyokufa kwa baridi ndani ya helikopta kabla hata damu haijawaishia. Nadine alinyamaza siku mbili, jambo lililomtisha mumewe. Siku ya tatu akaanza kushona blanketi jembamba lenye nyaya ndani yake, na Verlin akalitengenezea betri isiyozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani. Walilijaribu nje kwenye theluji. Lilipasha joto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi.

Serikali ina mfuko wa fedha za utafiti kwa karakana ndogo kama ile, na jeshi huzitoa kwa awamu. Awamu ya kwanza ni ya kuonyesha kwamba wazo lina akili, ya pili ni ya kukiunda kitu chenyewe. Ya kwanza waliipata. Mwezi wa nne Meja Haldane, msimamizi wa mradi, alikuja kutoka kambi ya jeshi la anga kukagua kazi, na Nadine akaoka pai ya kuku.

"Karibu mezani, Meja. Pai haingoji cheo."

"Samahani, mama. Sheria haituruhusu kula cha mtu anayeomba fedha zetu. Itaonekana rushwa."

"Rushwa? Kwa kuku huyu? Mwanangu, kuku huyu alikuwa mzee kuliko Verlin!"

Meja alicheka mpaka akakaa chini. Akasema likiwepo kopo la kulipia, atakula. Nadine akaleta kopo tupu la kahawa, Meja akatumbukiza noti ya dola tano, akala vipande viwili na kulamba uma.

"Awamu ya pili ni yenu," alisema akilipapasa blanketi. "Mimi mwenyewe nitaisukuma. Majaribio ni mwezi wa nane."

Blanketi lilikuwa hilo moja tu. Likafungwa sandukuni, Meja akalitia lakiri nyekundu, muhuri wa waya wa serikali, kwa mkono wake. Masharti yalikuwa mawili: lakiri isikatwe kabla ya majaribio, na karakana isiuze hata mashine moja, maana karakana isiyo na mashine zake haistahili awamu ya pili. Verlin akakataa kazi zote za mageti na matrela ili awe tayari.

Mwezi wa nane ulifika mikono mitupu. Verlin alipopiga simu kambini, alipokea mtu mwingine.

"Meja Haldane amehamishwa, bwana. Kila kiangazi maofisa huhamishwa. Mimi ni Kapteni Whitlow. Hebu nieleze tangu mwanzo, hilo blanketi ni la nini?"

"La kujifunika," alijibu Verlin.

Akaeleza tangu mwanzo. Kapteni akaomba yaandikwe. Yakaandikwa. Ulipofika mwezi wa kumi, wabunge kule Washington wakashindwa kupitisha bajeti, wakaenda zao likizo na mishahara yao mfukoni.

"Bajeti isipopita, hatuwezi kuanzisha awamu mpya," alisema Kapteni. "Vuta subira, bwana."

"Nimeivuta mpaka imekatika."

"Ninakuelewa kabisa."

Angeelewa nini? Mshahara wake uliingia tarehe mosi na tarehe kumi na tano, mvua inyeshe, jua liwake. Akiumwa jino, hospitali ya jeshi ilimngoja bila malipo. Verlin na Nadine bima ya afya walijilipia wenyewe, na mwezi wa kumi na moja waliiacha. Verlin alimwambia Kapteni hayo pia. Kapteni alisema ameyaandika.

Nadine akaanza kuumwa chini ya mbavu. Akakonda kama ng'onda, na baridi ikawa haimwachi hata akikaa kando ya jiko.

"Twende kwa daktari," Verlin alisema.

"Kwa bima ipi? Ile tuliyoiacha?"

"Niuze mashine yako moja."

"Uiuze, kesho karatasi ya awamu ya pili isainiwe, nitashonea nini? Meno? Nitakwenda ikisainiwa, mzee wangu. Haya maumivu yamenizoea."

Mwezi wa kwanza ulileta baridi ya kukata maini. Jioni moja Nadine alitetemeka mpaka kiti kikagonga sakafu. Verlin akalitazama sanduku lililokuwa pembeni.

"Nalifungua."

"Thubutu! Lakiri ikikatika, mwaka mzima umekwenda na maji. Niletee koti lako lile linalonuka moshi."

Verlin alisimama na mkasi wa bati mkononi. Mtu aliyefundishwa tangu utotoni kuheshimu muhuri wa serikali haukati hivi hivi. Akauweka mkasi chini, akaleta koti. Asubuhi akampigia Kapteni kumwambia kwamba mkewe ni mgonjwa, na Kapteni akasema anamwelewa.

Mwezi wa pili gari la wagonjwa lilimchukua Nadine. Daktari alisema angemwona majira ya kupukutika majani, kabla ya baridi, angekuwa na la kufanya. Nadine alizimika siku ya tano, kama mshumaa uliofika mwisho wa utambi. Wakubwa hawafi kwa kusubiri. Hufa wanaosubirishwa.

Siku nne baada ya mazishi, gari la jeshi liliingia uani. Kapteni Whitlow alikuwa kijana nadhifu, viatu vyake viking'aa kama kioo. Meza ya Verlin ilikuwa bado imejaa vyakula vya akina mama wa kanisani.

"Habari njema, Bwana Stukey! Bajeti imepita, na karatasi imesainiwa. Mama yuko wapi? Meja ametuma salamu za pai yake."

"Amelala pale kilimani, nyuma ya kanisa."

Kapteni akavua kofia. "Pole sana, bwana. Sikujua."

"Ulijua. Nilikwambia kuhusu bima. Nilikwambia anaumwa. Ukasema unanielewa."

Verlin akamkatia kipande cha pai waliyoileta akina mama, akamsogezea sahani.

"Kula."

"Samahani, sheria..."

Verlin akalishusha kopo la kahawa kutoka rafuni, akaliweka mbele yake. Noti ya Meja ilikuwa bado ndani.

"Sheria hii hapa. Kula."

Kapteni aliisukuma sahani taratibu. "Asante, bwana. Nilikula kabla ya kuja. Nimeshiba."

Verlin akaenda pembeni na mkasi wa bati.

"Bwana Stukey! Ukikata lakiri, majaribio—"

Lakiri ikakatika. Akalitoa blanketi, akalitandika juu ya kiti cha Nadine, akabonyeza swichi. Taa ndogo haikuwaka. Betri ilikuwa imefia sandukuni kwa kungoja. Verlin hata hivyo aliupitisha mkono wake juu ya mishono ya mkewe, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta joto alilolisahau pale.

Kapteni aliiacha karatasi iliyosainiwa kando ya sahani isiyoguswa, akatoka kimyakimya, akaenda zake. Hakika, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.